Maji ya Bwawa Letu Yamekuwa Meupe Kama Tui

SWALI: Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni Paje, Unguja, yenye bwawa la kuogelea la urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.25. Kwa wiki mbili sasa maji yamekuwa meupe kama tui jepesi, na kila ninapotia klorini ya unga, weupe unazidi. Hakuna ukijani wala utelezi ukutani. Maji tunayatoa kisimani, na pampu tunaiwasha kwa muda wa saa tatu tu kila siku ili kupunguza gharama za umeme. Fundi ananishauri niyamwage yote nijaze mapya. Je, nimsikilize?
Msomaji, Paje

JIBU: Kabla ya yote, ndugu msomaji, lifunge bwawa hilo leo, wala usilifungue mpaka utakapoweza kusimama ukingoni na kuiona vizuri sakafu ya sehemu yenye kina kirefu zaidi. Mwaka 2011, katika mji wa Fall River, Massachusetts, nchini Marekani, mwanamke mmoja alizama katika bwawa la umma lenye maji ya ukungu, na mwili wake ukakaa humo siku mbili bila kuonekana huku watu wengine wakiendelea kuogelea.

Maji usiyamwage bado, kwa kuwa mapya yatatoka kisima kilekile. Umesema jambo moja ambalo wengi hawaliangalii, nalo ni kwamba weupe huzidi mara tu unapotia klorini. Eneo lenu limekaa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo kwa asili yake ni chokaa, na maji yanayopenya humo huiyeyusha na kuja nayo hadi kisimani. Klorini ya unga iliyo ya kawaida madukani ni kalsiamu hipokloraiti, ambayo huongeza kalsiamu juu ya ile iliyokwisha kuwamo na pia huipandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ambacho hupanda asidi inapopungua. Na pH inapopanda mno, chokaa iliyokuwa imeyeyuka hujitenga na maji ikawa chembe nyeupe, ndogo mno, zinazoelea bila kutua. Jua nalo huvukiza maji na kuiacha chokaa, nanyi mnajazia kwa maji yenye chokaa zaidi.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chota maji ya bwawa katika glasi safi, kisha utie vijiko viwili vya siki na ukoroge. Yakitakata papo hapo, tatizo ni chokaa. Yakibaki na weupe uleule, basi ni vumbi, jasho, mafuta ya kujipaka au mwani uliokufa, vitu ambavyo chujio limeshindwa kuvinasa.

Ikiwa ni chokaa, pima pH na uishushe hadi kati ya 7.2 na 7.4 kwa asidi ya haidrokloriki, kidogo kidogo, pampu ikiwa inazunguka, ukipima tena baada ya saa kadhaa kabla ya kuongeza. Utapata faida ya pili: pH ikiwa 8, ni kama robo tu ya klorini inayofanya kazi ya kuua vijidudu, ilhali kwenye 7.2 ni karibu theluthi mbili. Kwa siku zijazo tumia klorini ya maji, ambayo haina kalsiamu, ukiendelea kuiangalia pH, na wakati wa masika kinga maji ya mvua kutoka paani uyatumie kujazia, kwani hayana chokaa.

Kuhusu pampu, sikubaliani na saa tatu. Bwawa lako lina mita za ujazo 50. Pampu inayosukuma mita za ujazo 8 kwa saa itachuja 24 tu, hata nusu haifiki. Iwashe kwa saa saba au nane, na mpaka maji yatakate iache ifanye kazi usiku na mchana. Chujio la mchanga lisafishe kwa kurudisha maji kinyume pale geji ya shinikizo inapopanda pauni 8 hadi 10 kwa inchi ya mraba (psi) juu ya kiwango cha chujio safi. Usilisafishe kila siku, kwa sababu uchafu kidogo uliomo mchangani husaidia kunasa chembe ndogo.

Shabu ambayo wazee wetu hutakasia maji ya mtungini inafaa pia, lakini baada ya pH kushuka. Iyeyushe ndooni, isambaze, zima pampu usiku kucha, na asubuhi nyonya tope lililotua polepole, ukilitoa nje moja kwa moja bila kulipitisha kwenye chujio.

Unapoizimua asidi, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Usiitie katika ndoo iliyobeba klorini wala usivihifadhi viwili hivyo pamoja, kwani vikikutana hutoa gesi ya sumu inayoweza kukuua hapo hapo stoo.