Kaachwa na timu tatu, ya nne ikamchukua: inakuwaje NFL?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mchezaji wa NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani) aachwe na timu tatu halafu ya nne imsajili, wakati kwetu tungeshasema kiwango kimeisha. Nacheza mstari wa mbele wa ulinzi kwenye klabu ya ridhaa hapa Uingereza (ada tunatoa mifukoni, usidhani kuna mshahara), na mfano ninaoujua vizuri ni Efe Obada.

Jamaa kazaliwa Nigeria. Akiwa na miaka 10 yeye na dada yake waliletwa London kimagendo, wakatelekezwa, akakulia kwa walezi. Mpira wa Kimarekani kaujua ukubwani, London Warriors, mechi tano tu, na 2015 Dallas Cowboys wakamchukua. Wakamwacha. Kansas City Chiefs, wakamwacha. Atlanta Falcons, hivyo hivyo. 2017 akaingia Carolina Panthers kupitia mpango wa wachezaji wa kimataifa, msimu mzima yuko kikosi cha mazoezi (unafanya mazoezi na timu, mechi huchezi).

Sasa elewa hesabu yake. Kambi ina watu 90, msimu unaanza na 53. Halafu mstari wa mbele unachosha vibaya: kila mpira ukianza unavaana na mtu wa kilo 140 aliyekukita mikono kifuani. Mimi baada ya mipira sita mfululizo mapaja yanagoma, na ninaopambana nao ni mafundi bomba na walimu! Kwa hiyo kocha lazima azungushe watu, na wale wa mwisho kwenye mzunguko ni madeiwaka: leo gari lipo, kesho mwenyewe karudi. Kuachwa hapo hakusemi hujui kazi, na simu inaweza kuita wiki hiyohiyo.

Septemba 2018 Obada akapewa mechi yake ya kwanza, dhidi ya Cincinnati Bengals. Akanasa pasi ya wapinzani, akamwangusha kwotabeki (yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), akatajwa mlinzi bora wa wiki wa NFC, moja ya kanda mbili za NFL.

2020 ndiyo ilikuwa kali zaidi: kuwaangusha makwotabeki mara 5.5 (nusu ni pale mnapogawana). Na bado hakubaki Panthers. Akaenda Buffalo Bills, kisha Washington Commanders, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, mpaka Oktoba 2023 alipovunjika mguu dhidi ya Falcons walewale. Mkataba wa namna hiyo ukikukuta na mguu kwenye vyuma, mazungumzo yanayofuata unayafanya ukiwa na magongo.