Jumamosi ya mwanafunzi mgeni Mtwara

Ninawaandikia ninyi mnaoanza masomo mjini Mtwara, hasa mliotoka mikoa ya bara na ambao bahari ya huku mliiona kwa mara ya kwanza basi lilipokuwa likiteremka Mikindani. Mimi nimekaa hapa miaka mitatu. Kuhusu vitabu na mitihani mtapata washauri wengi, wengine hata bila kuwaomba. Nitakalosema mimi linahusu ile siku moja ya juma isiyokuwa na kipindi.

Katika muhula wangu wa kwanza niliitumia Jumamosi kama wengi wenu mtakavyoitumia. Nililala hadi saa nne, nikafua, nikajilaza na simu mpaka bando likaisha, na jioni nikapiga nyumbani Singida kwa sauti iliyomfanya mama aniulize kama naumwa. Sikuwa mgonjwa, ila nilikuwa nimepumzika vibaya, na Jumatatu niliingia darasani nikiwa nimechoka kuliko nilivyotoka Ijumaa. Chumba cha kupanga chenye dirisha moja, katika joto la Desemba, hakimpumzishi mtu. Humkalisha tu akihesabu siku zilizobaki kabla ya likizo.

Kwa hiyo fueni Ijumaa jioni. Nguo zikiachwa hadi Jumamosi huila asubuhi yote, na asubuhi ndiyo sehemu ya siku yenye thamani hapa, kabla jua halijawa kali.

Jambo la pili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa: siku ya mapumziko ya pwani haipangwi kwa saa ya ukutani, hupangwa kwa maji. Nimekulia karibu na ziwa Singidani, ambalo halina kupwa wala kujaa, hivyo niliposikia wenyeji wakisema "leo bamvua" nilidhani ni jina la samaki. Bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kutoka sana. Siku za katikati, maji yanapokuwa hayana nguvu, huitwa maji mafu. Wakati wa bamvua maji hutoka kabisa kuelekea saa nne asubuhi, hurudi na kujaa kuelekea saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takribani dakika hamsini. Mtu akishalijua hilo anaweza kuutazama mwezi Alhamisi usiku na kuamua kama Jumamosi atatembea kwenye miamba asubuhi au ataoga jioni. Asiyelijua hushuka ufukweni Shangani na taulo lake saa nne, akakuta bahari imeondoka.

Mimi nilifanya kosa la upande wa pili. Tulikuwa watatu, maji yalikuwa yametoka, tukaacha kandambili na mfuko juu ya mchanga tukaenda mbali kwenye miamba. Huko tulimkuta mama mmoja wa makamo, kanga ameikunja hadi magotini, ndoo mkononi na chuma chembamba kirefu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa akitazama tundu ambalo mbele yake palikuwa na kirundo kidogo cha maganda ya kaa na kombe. Alituonyesha kwa kidole: pweza hula ndani na kutupa takataka mlangoni, na hivyo hujisaliti mwenyewe. Aliingiza chuma taratibu, akachokoa mara mbili, mnyama akatoka akiwa amejizungusha kwenye mkono wake hadi karibu na kiwiko, naye akambandua mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayevua bangili. Sisi tuliduwaa. Ni yeye aliyesema, "Wanangu, vitu vyenu vile kule? Maji yanarudi." Tulipofika, mfuko ulikuwa umelowa na kandambili yangu ya kushoto ilikuwa imekwenda zake. Nilirudi chumbani peku, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifike mkoa huu. Siku ile sikuwa nimeikumbuka simu hata mara moja.

Nimelisimulia hili kwa sababu ndilo jibu la swali ambalo wageni huniuliza, kwamba mtu asiye na fedha apumzikeje. Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likitoka kuna kishawishi cha kwenda Msimbati, na kwa kweli ufukwe wa Ruvula ndani ya hifadhi ya bahari ni mzuri. Lakini ni safari ya zaidi ya kilometa arobaini, hivyo iwekeni kwa ajili ya mwisho wa mwaka, mkiwa kundi la kuchangia usafiri. Kwa Jumamosi za kawaida, kuvuka maji hadi Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba, na kurudi kunatosha kubadilisha hewa. Mikindani nayo iko umbali wa takribani kilometa kumi tu, kwa daladala. Hapo shukeni, mtembee kwa miguu. Ni mji wa kale wenye nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa na kuwa hoteli, liko juu ya mji, na ni kutoka ghuba hii David Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho ya kuingia bara mwaka 1866. Wanafunzi wa historia wanaokariri safari hiyo darasani bila kufika pale hunishangaza kidogo. Mkiwakuta wazee barazani, waamkieni kwanza, na msiwapige picha bila kuomba.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Nunueni ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile myembamba ya porini inayomenywa kwa vidole. Kuimenya ni kazi ya polepole, na kundi la watu walioketi wakimenya ming'oko huzungumza hata kama hawakufahamiana asubuhi. Marafiki wangu wawili wa karibu niliwapata hivyo.

Asiyejua kuogelea asivuke kiuno, hata kama bahari imetulia. Rudini kabla ya giza, ambalo hapa huingia mara tu baada ya saa kumi na mbili. Nyumbani pigeni simu mkiwa bado njiani, upepo ukisikika. Nilipoanza kufanya hivyo, mama yangu alizoea kuniuliza kwanza, "Leo maji yalikuwaje?", yeye ambaye hajawahi kufika pwani.