Barua kwa Mwanangu: Mama Yake Django

Mwanangu mpendwa Rehema,

Marahaba. Umeniuliza kama mwanamke anayeishi kwa kucheza jukwaani, leo mji huu kesho ule, anaweza kumlea mtoto ipasavyo, kwa kuwa jamaa wanakushinikiza uache kikundi kabla hujajifungua. Nakujibu kwa habari za Laurence Reinhardt, mama yake Django, yule mpiga gitaa la jazi ambaye santuri zake marehemu baba yako alizipenda.

Laurence alikuwa mcheza dansi wa Wamanouche, tawi mojawapo la Waromani, jamii ya wahamaji wa Ulaya, na alimzaa Django tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, Ubelgiji, wakati jamaa zake wakizunguka kwa magari ya farasi yaliyokuwa ndiyo nyumba zao. Mdogo wake Django, Joseph, alifuata mwaka 1912. Baadaye walikaa katika kambi za Waromani pembezoni mwa Paris, na huko ndiko watoto walikokulia.

Shule Django hakuipata. Kusoma na kuandika alikujifunza kidogo tu ukubwani, na hilo mimi silisifu, maana wako lazima asome. Lakini muziki ulimzunguka tangu akiwa mgongoni. Alianza na fidla, na alipofika miaka 12 akapewa banjo, akajifunza kwa kukodolea macho vidole vya wapigaji wakubwa na kuviiga hadi akaweza. Akiwa na miaka 15 alikuwa tayari anajipatia riziki kwa muziki. Sikiliza mkono wake wa kulia unavyoushika mdundo bila kuteleza, hata nyuzi nyingine zinapokimbia. Naamini mtoto aliyezoea kumwona mama akicheza hujua mapema kwamba mpigaji akiyumba, mchezaji naye hukosea hatua.

Mwaka 1928 moto ulilipuka garini mwa Django, ukichochewa na maua ya seluloidi, aina ya plastiki inayowaka upesi, ambayo mkewe aliyatengeneza kwa ajili ya kuuza. Madaktari walitaka kumkata mguu wa kulia, akakataa. Mguu ukapona, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki vimepooza. Joseph ndiye aliyempatia gitaa jipya, na Django akabuni upya namna ya kupiga, akitegemea zaidi vidole viwili vilivyosalia. Ilipofika mwaka 1934 na kundi la muziki la Quintette du Hot Club de France likaundwa Paris, Joseph aliketi kando yake akimpigia gitaa la kusindikiza. Watu humtaja Django peke yake; mimi nikiwatazama ndugu hao wawili namwona mama aliyewalea pamoja, katika kambi iliyojaa jamaa, ambako mtoto hakukosa wa kumshika mama akiwa kazini.

Kwa hiyo usiache kikundi, mwanangu. Ukimaliza arobaini na mwili ukapata nguvu, rudi mazoezini, na mtoto uende naye. Safari zitakazomchosha nitabaki naye mimi. Niandikie tarehe mapema ili nipange kazi za shamba.

Mama yako akupendaye.