Majani ya Anthurium warocqueanum kukauka kingo
Umeeleza kwamba majani ya Anthurium warocqueanum wako, mmea wa mapambo uliopandwa chunguni, yanakuwa ya kahawia kingoni. Hali hii mara nyingi husababishwa na hewa kavu, kwani mmea huu wa misitu ya Kolombia huota juu ya miti na hustawi pale unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 70. Kuyanyunyizia majani maji hakusaidii sana, maana maji hayo hukauka upesi. Hata hivyo, kabla hujanunua kifaa cha kuongeza unyevu, utoe mmea chunguni uikague mizizi, kwani ikioza nayo huweza kukausha kingo za majani: iliyo hai ni migumu, ilhali iliyooza hulainika na ganda lake huchomoka ukilivuta, ukabaki uzi mwembamba. Iliyooza ikate kwa kisu safi, kisha upande upya katika vipande vya magome vilivyochanganywa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano), kwa sababu udongo wa bustani huinyima mizizi hewa.