Fundi Anajibu: Biti Ipi kwa Tundu Lipi?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu kutoboa mbao na kuchagua biti, yaani chuma kinachofungwa kwenye drili ili kitoboe, kwa hiyo tumezikusanya na kuzijibu pamoja. Maswali ya rangi na vanishi yatasubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala kijana hapa Morogoro, nina karakana ndogo ya milango na vitanda. Nilinunua seti ya biti 13, kuanzia milimita 1.5 hadi 6.5, na nyingine kubwa chache zinazouzwa mojamoja. Nikitoboa mninga, biti huhama kwenye alama, mdomo wa tundu huchanika, na matundu makubwa huungua hadi moshi hutoka. Muuzaji ananishauri ninunue seti ya bei kubwa zaidi. Je, ana haki?

JIBU: Marahaba. Seti ya bei kubwa, ikiwa ni ya aina hiyo hiyo, itakupa matatizo hayo hayo kwa gharama zaidi. Biti ulizonazo ni za msokoto, na asili yake ni kazi ya chuma. Mmarekani Stephen Morse alizipatia hataza mwaka 1863, na hadi leo nyingi zinanolewa kwa pembe ya digrii 118, ambayo inafaa bati na nondo kuliko inavyofaa mninga. Chuma ni kigumu sawasawa kila mahali, na fundi wa chuma hukigonga kwanza kwa ncha kali ili biti ipate pa kukaa. Mbao haiko hivyo. Ina mistari migumu na mistari laini iliyopakana, na ncha pana ya biti ya kutobolea chuma ikigusa mstari mgumu huteleza kuelekea ule laini. Zaidi ya hayo, makali ya biti hiyo huanza kukata katikati na kufika ukingoni mwisho kabisa, kwa hiyo nyuzi za juu ya mbao hung'olewa kabla ya kukatwa. Hapo ndipo mdomo wa tundu unapochanika.

Unachohitaji ni biti ya kutobolea mbao yenyewe, na kuitambua dukani si kazi ngumu. Itazame kwa mbele: katikati ina mwiba mdogo mkali, na pembeni ina vijino viwili vinavyotazamana. Mwiba huzama kwenye alama kabla biti haijaanza kukata, na hivyo biti haina pa kuhamia. Vijino huchora duara na kukata nyuzi pembeni, kisha makali yaliyo katikati huondoa mbao ambayo tayari imetenganishwa na jirani zake. Ukiiendesha polepole katika mzunguko wa kwanza utaiona duara hiyo ikijichora juu ya mbao kabla tundu halijaonekana. Usipoiona, ujue vijino vimekwisha au umeuziwa biti ya chuma iliyochongwa mwiba ili ifanane. Kwa karakana kama yako ningenunua tano tu zilizo nzuri, yaani milimita 4, 5, 6, 8 na 10, badala ya sanduku lenye biti ishirini zinazopinda. Kabla ya kulipa, omba uivingirishe kila moja juu ya kioo cha kaunta. Iliyopinda itarukaruka, na muuzaji mwenyewe ataiona.

Ukivuka milimita 12, chaguo linategemea kitakachoingia ndani ya tundu. Biti bapa, ile iliyo kama pezi la samaki, ni rahisi na ina kasi, lakini huacha kuta zenye mikwaruzo, na tundu lake haliaminiki kwa kipimo. Kwa kupitisha waya au bolti ya kitanda inatosha kabisa, kwa kuwa hakuna atakayelitazama tundu hilo tena. Kwa kijiti cha kuungia kinachotakiwa kubana na gundi, haifai. Matundu marefu, kama yale ya kitasa cha kuzama kwenye ukingo wa mlango, yana biti yake, ile ndefu yenye skrubu ndogo nchani na mifereji mipana mwilini. Skrubu hiyo huivuta biti ndani, nawe huna haja ya kusukuma. Chagua iliyo sawa na unene wa boksi la kitasa au pungufu kidogo, toboa matundu yanayofuatana kwenye mstari wa katikati, kisha malizia kwa patasi. Angalizo ni moja: kwenye drili ya umeme biti hii iendeshwe kwa kasi ndogo sana na drili ishikwe kwa mikono miwili, kwa sababu ikinasa kwenye fundo la mbao itausokota mkono wako kabla hujaachia swichi. Mafundi wa majahazi wa pwani waliotoboa kwa keekee ya kuvutwa kwa uta hawakuwa na hatari hiyo, na matundu yao ya misumari yalinyooka vizuri tu.

Sasa kuungua. Mara nyingi sababu yake ni kasi. Biti nyembamba huzungushwa haraka na biti nene polepole, kwa kuwa ukingo wa biti nene husafiri mwendo mrefu zaidi katika kila mzunguko. Biti ya milimita 6 itavumilia mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Biti bapa ya milimita 25 isivuke sana mizunguko 1,500. Sababu ya pili ni unga wa mbao unaojaa kwenye mifereji, ukasagika na kushika moto kwa msuguano. Kila ukishuka kiasi cha upana wa biti mara mbili au tatu, itoe nje ikiwa bado inazunguka, unga umwagike, kisha urudi. Kama kasi ni ndogo na mifereji ni safi lakini moshi bado unatoka, basi makali yamekufa.

Upande wa nyuma wa mbao nao huchanika pale biti inapotokea. Bana kipande cha mbao chakavu nyuma yake ili biti itokee humo. Pale ambapo kubana hakuwezekani, toboa hadi uone mwiba umechungulia, simama, kisha geuza mbao na umalizie kutoka upande wa pili. Na kwa kuwa ni mninga, vaa barakoa. Unga wake huwasumbua watu wengi puani na kifuani.

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Natengeneza viti na meza za mvule. Nikikaza skrubu bila kutoboa, mbao inapasuka. Nikitoboa, skrubu ama inalegea ama inakatika kichwa. Natumia zile skrubu nyeusi kwa sababu ni rahisi. Tundu la skrubu lipimwe vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kuziweka kando skrubu hizo nyeusi. Zimetengenezwa kwa ajili ya bodi za jipsamu za dari, chuma chake kimekomazwa hadi kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na ndani ya mvule hukatika shingoni hata pale tundu lilipokuwa sahihi. Tafuta skrubu za mbao, ambazo shingo yake ni nene na haina hesi, yaani ile mistari ya kusokota inayouma mbao.

Tundu la skrubu ni matundu mawili yaliyofuatana. Mbao ya juu, inayoshikwa, hutobolewa tundu ambalo skrubu nzima, isipokuwa kichwa, hupita bila kugusa. Mbao ya chini, inayoshika, hutobolewa tundu jembamba ambalo hesi za skrubu zitauma kuta zake. Mafundi wengi hutoboa tundu jembamba katika mbao zote mbili, kisha wanashangaa kwa nini viungo havikazi. Hesi zikiuma mbao ya juu pia, mbao hizo mbili zitabaki na pengo lile lile zilizokuwa nalo skrubu ilipoanza kuingia, na kukaza zaidi hakutalifunga.

Kwa skrubu ya milimita 4, mbao ya juu itobolewe milimita 4.5. Mbao ya chini itobolewe milimita 3 ikiwa ni ngumu kama mvule au mkongo, na milimita 2.5 ikiwa ni laini kama msindano. Kwa skrubu ya milimita 5, tumia 5.5 juu, na chini 3.5 kwa mbao ngumu au 3 kwa laini. Skrubu usiyoijua kipimo chake ishike mbele ya macho yako, na mbele yake weka biti. Biti iliyo sahihi kwa mbao ngumu hufunika kiini chote cha skrubu na kuacha hesi tu zikichungulia kushoto na kulia. Kwa matundu haya membamba biti ya msokoto, ile ile niliyomkataza ndugu wa Morogoro kuitegemea, inafaa bila shida, mradi uweke alama kwanza kwa ncha ya msumari. Kina kiwe sawa na urefu wa skrubu utakaozama. Zungushia biti utepe wa kubandika mahali pa kusimamia.

Mvule una jambo lake jingine. Ndani yake mara nyingine hujificha vijiwe vya chokaa ambavyo havionekani kwa nje. Ukisikia sauti ya biti imebadilika ghafla ikawa ya kukwaruza, usisukume, kwa sababu utapoteza makali kwa sekunde chache. Sogeza tundu ikiwa muundo wa kiti unaruhusu. Kama hauruhusu, malizia kwa biti ya zamani usiyoionea uchungu.

Kama viti vyako hutumia skrubu za shaba nyeupe au ya njano, tangulia na skrubu ya chuma yenye ukubwa ule ule, ikaze hadi mwisho, itoe, ndipo uingize ya shaba katika njia iliyokwisha kukatwa. Shaba ni laini na haiwezi kujikatia hesi katika mbao ngumu. Paka nta ya mshumaa kwenye hesi, wala usipake sabuni, kwani sabuni huvuta unyevu na kuiletea skrubu ya chuma kutu.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Mombasa, nafunga makabati ya jikoni ya chipubodi ya milimita 16. Bawaba zangu ni zile za kikombe zinazojificha ndani. Mara mbili nimetoboa mlango ukatokea upande wa pili. Nitumie biti gani?

JIBU: Waaleikum salaam. Vikombe vya bawaba hizo vingi vina kipenyo cha milimita 35, na biti yake ni ile ya duara yenye kitako bapa, ambayo Benjamin Forstner aliipatia hataza Marekani mwaka 1874. Hukata ukingo wa duara na kulainisha kitako kwa pamoja, na kikombe hukaa bila kuyumba. Biti bapa haifai hapa hata kwa dharura, kwa sababu mwiba wake mrefu utatokea usoni pa mlango kikombe kikiwa bado hakijapata kina.

Hata hiyo ya Forstner ina mwiba mfupi katikati, na nina hakika ndio uliokuumiza. Kikombe huhitaji kina cha milimita 12 hivi, na ubao wako una 16. Zinabaki 4, na mwiba unakula sehemu yake. Biti ikiegemea upande mmoja kidogo tu, umetoboa mlango. Ikiwezekana tumia drili ya kusimama yenye kizuizi cha kina. Ukilazimika kushika kwa mkono, pima urefu wa mwiba kabla ya kuanza, na toboa kwa awamu ukipima kina kila mara, kwa mizunguko 500 hadi 1,000 kwa dakika. Umbali kati ya ukingo wa mlango na ukingo wa tundu kwa kawaida ni milimita 3 hadi 6, kutegemea bawaba, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nayo. Kwa anayefunga makabati kila wiki, biti yenye makali ya kabidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, inarudisha gharama yake, maana gundi iliyomo ndani ya chipubodi huua makali ya chuma cha kawaida haraka sana.

SWALI: Mhariri, je, biti ya zege inaweza kutoboa mbao? Na zile za rangi ya dhahabu ni bora kuliko nyeusi? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Itatoboa, lakini vibaya. Biti ya zege haina makali ya kukata. Ina kichwa cha kabidi kilichotengenezwa ili kipondeponde mawe kwa kugongwa, na katika mbao kitasaga na kuunguza. Ukitoboa mbao, hakikisha pia kitufe cha kugonga kwenye drili kimezimwa.

Rangi ya dhahabu ni utando mwembamba wa titani na nitrojeni uliopakwa juu ya chuma cha biti. Utando wa kweli hupunguza msuguano na kurefusha maisha ya makali, lakini hautengenezi chuma kizuri kutokana na kibaya, na siku ya kwanza utakayoinoa biti hiyo, utando wa kwenye makali umeondoka. Tazama zaidi maandishi ya HSS, kifupi cha Kiingereza cha chuma kinachostahimili joto la kutoboa kwa kasi, yaliyopigwa kwenye mkia wa biti. Katika mbao chuma hicho kinatosha.

Ukifika wakati wa kunoa biti ya mbao yenye vijino, tumia tupa ndogo na upige upande wa ndani wa kijino peke yake. Ukipiga upande wa nje utapunguza kipenyo, na biti itaanza kubana ndani ya tundu lake yenyewe.