Mkiandika make clean kila siku, kasi si tatizo lenu

SWALI: Tuna mradi huria wa C++ unaosoma data za vituo vya hali ya hewa. Wachangiaji tuko sita: wanne Nairobi, mmoja Eldoret, na mmoja Ujerumani anayetumia Windows. Tangu mwanzo tunatumia Makefile, faili ya maagizo ambayo chombo cha Make hukifuata kujenga programu. Mtu akivuta mabadiliko ya wenzake lazima aendeshe make clean kwanza, amri ya kufuta vilivyojengwa awali, la sivyo programu inaanguka ovyo, na kujenga upya kunakula dakika kumi na zaidi. Wenzangu wanavutana kuhusu mfumo wa ujenzi wa kuhamia: CMake, Meson, na kuna anayetaka Bazel kwa kuwa Google wanaitumia. Tumepata pia kiolezo cha CMake cha mistari 400 kinachosifiwa sana. Ipi ina kasi zaidi? – Msomaji, Ngara

JIBU: Ndugu yangu, ugonjwa umeutaja mwenyewe ukaupita. Nani aliwaambia make clean ni lazima?

Stuart Feldman aliandika Make pale Bell Labs mwaka 1976, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa ambalo lilikuwa limeshasahihishwa. Faili iliyosahihishwa ndiyo haikuwa imekompailiwa tena, yaani kugeuzwa upya kuwa lugha ya mashine. Chombo kizima kilizaliwa ili balaa hilo liishe, nanyi mnalifukuza kwa mkono kila asubuhi.

Make hulinganisha muda faili zilipobadilishwa mara ya mwisho, tena zile tu ulizozitaja. Chukua mfano: mmeiambia sensa.o (iliyokwisha kukompailiwa) inatokana na sensa.cpp (msimbo), mkanyamaza kuhusu sensa.h, faili ya maelezo ambayo .cpp nyingi huitumia kwa pamoja. Mtu akiongeza uga mmoja kwenye struct (kifungu cha data) iliyo ndani ya sensa.h, ile .cpp aliyoigusa inakompailiwa upya, nyingine zinabaki na umbo la zamani. Linka, chombo cha kuunganisha faili za .o kuwa programu moja, inaziunganisha bila kunung'unika, halafu sehemu moja ya programu inasoma unyevu mahali ambapo nyingine imeandika joto. Dawa ni chaguo mbili za kompaila, -MMD na -MP, pamoja na mstari mmoja wa -include unaosoma faili za .d zinazotokea, ambazo huorodhesha kila .h inayotumiwa. Kompaila za GCC na Clang zote zinazielewa chaguo hizo. Ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana.

Sasa hiyo kasi, ambayo naulizwa hadi nachoka. CMake na Meson hazikompaili chochote. Zinaandika maagizo tu, kisha zinamkabidhi mwingine. Meson kwa kawaida humkabidhi Ninja, mtekelezaji wa maagizo kama Make. CMake nayo hufanya hivyo ukiipa -G Ninja. Ninja naye anaita kompaila ile ile mliyo nayo leo, na kwa mradi wenye ukubwa wa wenu, karibu muda wote unaishia kwa kompaila. Mtakuwa mmeshuka matatu moja mkapanda nyingine kwenye foleni ile ile ya Waiyaki Way. Video za mashindano ninazoletewa hupima Make bila -j, yaani kazi moja moja, dhidi ya Ninja ambaye bila kuambiwa hutumia kori zote. Huo ni ulaghai, hata kama aliyeurekodi hajui. Wekeni make -j4 (kazi nne kwa pamoja) na ccache, inayohifadhi matokeo ya kompaila ili yasirudiwe, mkiangalia RAM: kwenye laptop ya GB 4, kazi nane za C++ kwa pamoja zinaweza kuigandisha mashine.

Bazel achaneni nayo. Google waliifanya huria mwaka 2015, lakini iliumbwa kwa hazina moja kubwa mno ya msimbo yenye watu wa kuitunza. Huacha seva ya Java ikikaa kwenye kumbukumbu. Watu sita hamna shida ambayo Bazel ilikuja kuitatua.

Mngekuwa Linux tupu ningesema Meson, kwa kuwa faili zake zinasomeka. Miradi mikubwa ya Linux, GNOME na systemd, iko huko, na hifadhidata ya PostgreSQL waliiongeza katika toleo la 16, mwaka 2023. Lakini mwenzenu wa Windows akitumia Visual Studio ataufungua mradi wa CMake moja kwa moja, na maktaba nyingi za C++ huja zikiwa tayari kwa CMake. Kwenu basi ni CMake.

Kile kiolezo msikiguse. Vingi vya aina hiyo hupakua vitegemezi (maktaba za wengine) katikati ya ujenzi: bando la mwenzenu wa Eldoret linateketea, na siku mtakapotaka programu yenu iingie Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, mtagonga ukuta, kwa sababu kanuni zao zinakataza ujenzi kugusa mtandao.

Hata kisingepakua kitu, nani kati yenu amesoma mistari yote 400? Skripti ya ujenzi ni programu inayoendeshwa kwenye kompyuta ya kila anayewaamini. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika xz 5.6.0 na 5.6.1, programu huria ya kubana faili, baada ya kuona kuingia kwenye mashine kwa SSH (njia ya mbali) kunachelewa takriban nusu sekunde. Sumu yenyewe ilifichwa ndani ya faili za majaribio, na kilichoiwasha ni faili ya m4 (lugha ya zamani ya kuzalisha skripti) ya mfumo wa ujenzi, iliyokuwamo kwenye vifurushi vya toleo lakini si kwenye hazina ya Git. Nani husoma m4? Na bado kuna walimu wa dakika tano wanaowafundisha vijana kuvuta skripti mtandaoni kwa curl na kuimwaga kwenye sudo bash, yaani kuiendesha kwa mamlaka yote ya kompyuta, eti ndiyo njia ya mkato.

Andikeni CMakeLists, faili ya maagizo ya CMake, yenu wenyewe. Kwa mradi huo mistari 30 au 40 inatosha, na mstari ambao aliyeuandika hawezi kuwaeleza wengine watano usiunganishwe.