Jibu: Kapasita ya kuzima kelele za redio kwenye Peugeot 504

Salama ndugu. Umesema redio ya 504 yako inapiga tak-tak-tak kwenye AM, mbio zaidi ukikanyaga mafuta, na unauliza uweke kapasita ya ngapi.

Ingekuwa mluzi ningeshuku alternata, ile inayochaji betri. Tak-tak ni plagi na koili inayozipa umeme wa cheche, kwa hiyo kapasita ije baadaye. Chomoa plagi kwanza usome namba: kwa plagi za kampuni ya NGK, BP6ES haina rezista (kikinza cha ndani kinachopunguza kelele), BPR6ES inayo. Kisha fungua boneti usiku injini ikinguruma, usiguse kitu. Mimi niliona cheche ya buluu ikiruka kwenye ufa wa waya wa plagi ya tatu. Kubadilisha nyaya kulimaliza sehemu kubwa ya kelele.

Iliyobaki niliiua kwa kapasita ya 0.5 maikrofaradi, kopo la chuma, volti 100 au zaidi. Kwangua rangi, kaza kopo kwenye chuma cheupe karibu na koili, waya wake uingie upande wa chanya, ule unaotoka kwenye swichi. Upande wa pointi, ile swichi ndogo ya distribyuta inayokata umeme wa koili, usiguse kabisa! Fundi mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, aliniwekea huko, cheche ikadhoofika, gari likakataa kuwaka.

Plagi zako zina R?